Mbwa wa Nesi Tumpale na Kiapo cha Baba

Harufu ya nywele zilizolowa zikikaushwa karibu na jiko la mkaa haifanani na harufu nyingine. Ndani yake mna sabuni, mna moshi, mna mafuta ya nazi yaliyopata joto, na chini kabisa mna kitu cha mnyama, kizito kidogo, kama blanketi lililokaa sandukuni muda mrefu. Nilikuwa na miaka kumi nilipoizoea harufu hiyo, katika ua wa nesi mstaafu pale Mbalizi, msimu wa baridi, wakati ukungu ulipokuwa ukishuka kutoka milimani na kulala juu ya mabati mpaka saa nne asubuhi. Shule zilikuwa zimefungwa. Watoto wenzangu walikuwa wamepelekwa kwa bibi zao kuvuna mahindi, na mimi, ambaye sikuwa na bibi aliye hai, nilibaki mjini na baba. Kazi yangu kubwa katika likizo ile ilikuwa kuchana mbwa.

Baba yangu, Shomari, alikuwa kinyozi. Babu alikuja nyanda za juu kutoka Kilwa akiuza nguo, akaoa huku, akazeeka huku, na mwanawe akajifunza kunyoa badala ya kuuza vitambaa. Kibanda chake kilikuwa cha mbao zilizopakwa rangi ya bluu, hatua chache kutoka sokoni. Kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, benchi la wanaosubiri, kioo, chupa ya spiriti na kopo la poda. Juu ya rafu, juu ya kitambaa cheupe alichokifua mwenyewe kila jioni, aliweka mkasi wake, mashine, na kitana cha chuma chenye meno membamba alichokitumia kwa ndevu. Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walimpenda kwa sababu hiyo, kwani vinyozi wengine pale sokoni walinyoa huku wakitangaza habari za watu. Wengi wa waliokalia kiti chake walikuwa Waislamu wenzetu, wafanyabiashara wa mchele, wa vitenge na wa vifaa vya baiskeli, na asubuhi ya Ijumaa benchi lilijaa mpaka wengine wakasubiri nje wamesimama, wakijikunyata ndani ya makoti yao.

Mama alifariki nikiwa na miaka sita. Sikumbuki mengi ya siku zile, lakini nakumbuka kwamba katika wodi aliyolazwa kulikuwa na nesi mnene wa Kinyakyusa aliyemsuka mama nywele wakati mama hawezi tena kuinua kichwa, ili zisije zikafungana kwenye mto. Huyo ndiye Nesi Tumpale. Alipostaafu alirudi nyumbani kwake, nyuma ya kanisa, akakaa peke yake, na binti yake wa pekee akawa anafanya kazi Dar es Salaam. Mwaka ule binti alipata nafasi ya kwenda kusoma nje kwa miezi kadhaa. Akaja Mbalizi na mkoba mmoja, na ndani ya mkoba mlikuwa na mbwa.

Mbalizi ilikuwa na mbwa wengi, lakini huyu hakufanana nao. Alikuwa mdogo kuliko paka wa sokoni, mweupe, na nywele zake zilishuka pande zote mbili kutoka kwenye uti wa mgongo mpaka chini, kiasi kwamba akitembea miguu haionekani, ungedhani kitambaa kinajivuta chenyewe. Binti alisema ni aina inayoitwa Malta, mbwa wa kukaa ndani, wa mapajani. Jina lake lilikuwa Mchele. Watu walicheka sana jina lile, isipokuwa Mzee Hamadi, mwenye stoo kubwa ya mchele, ambaye alisema si adabu kumpa mbwa jina la chakula cha watu.

Binti aliacha maelekezo kwenye karatasi: achanwe kila siku, aogeshwe kila wiki mbili, macho yafutwe. Nesi Tumpale aliisoma, akaiweka ndani ya Biblia, akaendelea na maisha yake. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa na kutetemeka. Mbwa alitoka uani asubuhi kwenye umande, akapita kwenye kishona nguo, magugu yale yenye mbegu za kunasa, akalala karibu na majivu, akarudi amebeba majani na mbegu, na baada ya mwezi mmoja na nusu nywele zile zilikuwa zimesokotana zikawa mafundo magumu nyuma ya masikio, kwapani na tumboni. Akitembea ngozi ilikuwa inavutwa. Akawa halali vizuri, analia akiguswa. Hapo ndipo Nesi Tumpale alipokuja kibandani kwetu, akasimama mlangoni bila kuingia, kwa heshima ya waliokuwa ndani, akamwita baba nje.

"Baba Zuhura," alisema, akimwita kwa jina langu, "najua ninachokuomba si kidogo. Lakini hapa Mbalizi sijui mtu mwingine mwenye mkono wa nywele."

Mimi nilikuwa nimesimama na ufagio na nilimwona baba akiwaza. Kwetu mbwa si mnyama wa kushikwashikwa. Ukiguswa na majimaji yake unaosha mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kisha akasema, "Nitakuja nyumbani kwako, Mama. Hapa hapana." Hakutaja wodi wala mama yangu.

Alinunua chanuo jipya la plastiki, akachukua mkasi wa zamani aliokuwa ameuacha kuutumia, akaweka vyote kwenye bati la biskuti, na bati hilo likabaki kwa Nesi. Sheria ilikuwa moja, na aliniambia akiniangalia machoni: cha mbwa hakitoki kwa Nesi, na cha watu hakitoki kibandani. Siku ya kwanza nilidhani atamnyoa tu, kazi ya robo saa. Nesi naye alidhani hivyo. Baba alimgeuza mbwa taratibu, akapuliza nywele kuangalia ngozi, akakataa. "Baridi hii ukimnyoa umemuua," alisema. "Halafu haya si manyoya, ni nywele. Zinaota kama zetu. Nywele haziadhibiwi kwa kosa la mwenye kuzitunza." Nesi Tumpale alicheka, akakubali kwamba kosa ni lake.

Tulimtengeneza kwa wiki tatu. Baba alikuja kila siku baada ya swala ya alasiri, na mimi nilikuwa nimeshatangulia. Alinifundisha kupaka poda ya watoto kwenye fundo ili liteleze, kisha kulitenganisha kwa vidole, unywele kwa unywele, kabla ya chanuo kugusa. Alinifundisha kushika shina la nywele kwa mkono wa kushoto ili ngozi isivutwe, na kuanza kuchana kwenye ncha, kisha katikati, na shina mwisho kabisa. Mtu anayeanzia juu, alisema, anasukuma matatizo yote yaende chini yakusanyike pamoja. Mahali ambapo fundo lilishindikana alilipasua kwa ncha ya mkasi kwa urefu wake, si kwa upana, ili pasiwe na pengo. Tulimwogesha kwenye beseni kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya mtoto, tukamkausha kwa kanga kuukuu kwa kubana, si kusugua, kwa sababu ukisugua nywele ndefu unazifunga upya. Kisha nikamkalisha karibu na jiko, nikimchana huku anakauka, na tone la mafuta ya nazi viganjani. Tulifuta weusi uliokuwa umeganda chini ya macho kwa kitambaa chenye maji ya moto yaliyopoa. Tulikata nywele zilizoota kati ya vidole vya miguu, ambazo zilikuwa zimebeba tope kama vijiwe. Mwisho kabisa nilikusanya nywele za paji la uso nikazifunga kwa mpira mdogo, na kwa mara ya kwanza tukayaona macho yake.

Baada ya kila kazi baba alinawa mikono uani kwa udongo na kwa maji, akihesabu kimyakimya, nami nikafanya hivyo hivyo kando yake. Nesi Tumpale alikuwa akitushikia ndoo, akisema, "Ndaga, ndaga fijo," akitushukuru kwa lugha ya kwao. Nilikuwa na furaha. Sikuwahi kukaa na baba saa nyingi namna ile tukifanya kazi moja, na sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile. Alinisifu mkono wangu. Siku moja, bila kumgeukia mtu yeyote, alisema kwamba mama yangu alikuwa na nywele laini ambazo hazikukubali kusukwa zikakaa.

Mji mdogo hauwezi kukosa kujua. Ijumaa moja kijana muuza vitenge, akiwa kwenye benchi, alisema kwa mzaha, "Shomari, siku hizi wateja wako wana mikia." Watu wakacheka. Mzee Hamadi, aliyekuwa kwenye kiti, hakucheka. Alikuwa mteja wa kwanza wa baba, mtu aliyesikilizwa msikitini na sokoni, na hakuwa mtu mbaya.

"Watu wanasema," alisema. "Mimi nataka kusikia kwako."

Baba alizima mashine. "Ni kweli namhudumia mbwa wa Nesi Tumpale, Mzee wangu. Nyumbani kwake. Wallahi, chombo kinachomgusa yule mbwa hakijawahi kuvuka mlango huu, na cha hapa hakijawahi kwenda kule."

"Basi," alisema Mzee Hamadi, akarudisha kichwa nyuma. "Neno lako linanitosha."

Alhamisi ya wiki iliyofuata habari ilifika kwamba binti wa Nesi anarudi Jumapili kumchukua mbwa wake. Nilikwenda asubuhi peke yangu, nikiwa na haraka ya kumfanya Mchele apendeze kuliko alivyoletwa. Alikuwa ameponyoka usiku wa kuamkia siku ile akalala kwenye pumba, na chini ya sikio la kushoto palikuwa na fundo jipya. Nilijua la kufanya. Poda, vidole, ncha kwanza. Lakini nilikuwa na haraka, nikaanzia juu, nikavuta kwa nguvu, na chanuo likavunjika katikati, meno sita yakabaki ndani ya nywele. Mbwa alilia, Nesi akauliza kutoka ndani kuna nini, nikasema hakuna kitu. Sikuogopa kipigo, baba hakunipiga kamwe. Niliogopa kumwambia kwamba nilianzia juu, baada ya siku zote zile za kusifiwa mkono wangu.

Baba alikuwa amekwenda Mbeya mjini kununua wembe na spiriti. Ufunguo wa kibanda ulikuwa chini ya kopo la maua. Nilichukua kitana cha chuma juu ya kitambaa cheupe, nikakificha ndani ya gauni, nikakimbia nacho. Kilipita kwenye nywele zile kama maji. Sijawahi kuona nywele zikilala namna ile, zimenyooka, zinang'aa, na mstari wa katikati ya mgongo umenyooka kama wa daftari. Nilipomaliza jua lilikuwa limeanza kwenda upande, nikajua baba yu njiani. Kwa Nesi kulikuwa na udongo, kulikuwa na maji, na nilijua hesabu ya saba. Badala yake nilipita kwenye bomba la sokoni nikakisuuza mara moja, nikakifuta kwa gauni, nikakirudisha mahali pake, nikanyoosha kitambaa.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mimi ndiye niliyekuwa naleta maji ya moto kutoka kwa mama muuza chai wa jirani, na niliingia na birika wakati baba anamchana Mzee Hamadi ndevu kabla ya kuzipunguza. Baba aliusimamisha mkono ghafla. Mzee Hamadi alishusha macho, akashika kitu kwenye shuka iliyomfunika kifua, akakivuta, kikaja, kikaendelea kuja, unywele mmoja mweupe mrefu kama kiganja na vidole. Akautazama kwa utulivu.

"Ndevu zangu ni nyeupe, Shomari," alisema, "lakini hazijafika urefu huu."

Baba aliinua kitana kwenye mwanga wa mlango. Katika shina la meno kulikuwa na nyingine tatu au nne zimejiviringisha. Kisha akanitazama. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayeangalia saa, mara moja, akajua alichotaka kujua, akaondoa macho. Birika lilikuwa linanichoma mkononi na sikuliweka chini.

"Ni mimi," baba alisema. "Nilikichukua jana kwa haraka. Nisamehe, Mzee wangu."

"Wiki iliyopita uliapa."

"Niliapa."

"Kwa jina la Mungu, Shomari, mbele ya watu hawa."

"Ndiyo, Mzee."

Ningeweza kusema wakati ule. Palikuwa na nafasi. Hakuna aliyekuwa anasema kitu. Nimeipima nafasi ile mara nyingi tangu siku hiyo na ninajua ilikuwa ndefu vya kutosha. Mzee Hamadi alijifungua shuka mwenyewe, akaikunja, akaiweka kwenye mkono wa kiti, akatoka na ndevu ambazo hazijaguswa. Wengine walimfuata mmoja mmoja. Hakuna aliyetukana. Kijana wa vitenge, yule wa mzaha, ndiye aliyetoka mwisho, na alisema "Samahani, kaka" kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Jioni ile nilikuwa nimekaa jikoni nikichambua maharage ambayo yalikwisha kuchambuliwa. Baba aliingia akaweka mbele yangu chanuo jipya la plastiki, bado lina karatasi yake.

"Jumapili mgeni anakuja," alisema. "Kesho ukamalizie kazi yako. Anzia kwenye ncha."

Nilisema, "Baba."

"Mtoto wa kike akitajwa kwa jambo la namna hii, watakuwa wanamtaja nalo mpaka siku anayoposwa. Mimi ni mtu mzima. Yatapita."

Hayakupita. Kwa miezi michache walibaki wateja wa kanisani na madereva wa malori, lakini wale waliojaza benchi Ijumaa walikwenda kwa kinyozi mwingine karibu na stendi, na baba alipoingia msikitini alikaa safu ya nyuma, yeye ambaye zamani aliombwa kushuhudia ndoa za watu. Hakuna aliyemkataza kukaa mbele. Kilichombadilisha si kitana, kwa maana kitana kinaoshwa. Ni kwamba neno lake halikutosha tena, naye alijua halitoshi. Mvua zilipoanza alikifunga kibanda, tukahamia Chimala, akapata kazi ya kupima magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Hakuwahi tena kumnyoa mtu. Hata nywele zake mwenyewe alikwenda kunyolewa na wengine.

Binti wa Nesi Tumpale alikuja Jumapili ile, akamkuta Mchele anang'aa, akalia kwa furaha, lakini mwenye nyumba aliyopanga Dar es Salaam alikuwa amegeuza neno akakataa wanyama, akamwacha tena. Sikurudi kumchana. Nilimwambia Nesi kwamba nina masomo. Tukiwa Chimala tulisikia kwamba mafundo yalirudi, na kwamba Nesi, kwa mikono yake ile inayotetemeka, alimkata mwenyewe kwa mkasi wa kushonea, akamvika sweta ya mtoto mchanga, na mbwa akavuka baridi moja tu kabla ya kufa. Baba alisikia habari hiyo akiwa anakula. Aliuliza kama alikatwa vibaya akaumia. Walimwambia hapana. Akaendelea kula.

Aliishi miaka kumi na minne baada ya hapo. Mimi nilisoma ususi, nikaolewa Iringa, nikafungua saluni. Alipougua nilikwenda kumwuguza Chimala, na mara mbili nilikaa pembeni ya kitanda chake nikiwa nimeshapanga maneno. Mara ya kwanza aliniuliza kama mvua imefika Iringa. Mara ya pili alinishika mkono, akasema mkono wangu umekuwa mgumu kwa kazi, nami nikanyamaza kwa sababu sauti yake ilikuwa nzuri na sikutaka kuiharibu. Alizikwa siku ya soko, na watu kutoka Mbalizi hawakuja.

Siku hizi mambo ni mengine. Mwezi uliopita mteja wangu, msichana wa benki, alikuja saluni amempakata mbwa mdogo mwenye nywele ndefu. Amemfunga utepe, ana shampuu yake na brashi yake ndani ya mfuko, na picha zake zimejaa simuni. Wanawake wa dini zote waliokuwa wanasubiri walimwangalia, mmoja akasogeza kiti, mwingine akauliza anakula nini, basi. Niliona kwamba nywele nyuma ya sikio zimeanza kufungana, na nilimwonyesha msichana namna ya kuzifungua kwa vidole. Nilipokwenda kunawa uani nilikawia, mpaka msaidizi wangu akaja kuniuliza kama naumwa.

Wiki ile ile nilisafiri mpaka Mbalizi. Mzee Hamadi yu hai, mzee sana, wanawe wanaendesha stoo, naye hukaa nje kwenye kiti chenye mto akiota jua. Nilimsalimu, nikamtajia jina la baba yangu, nikakaa kwenye gunia, nikamsimulia yote: chanuo lililovunjika, ufunguo, bomba la sokoni, unywele. Nilimwambia kwamba baba hakuapa uongo. Nililia nikiwa nasema. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, ameinamisha sikio.

"Shomari," alisema. "Alikuwa na mkono mwepesi yule. Sijapata kinyozi mwingine kama yeye." Akajiweka sawa kwenye mto. "Lakini habari ya mbwa siikumbuki, mwanangu. Mimi nilijua alifuata mpunga Chimala."

Nilimwuliza kama hakumbuki hata kiapo. Alitikisa kichwa, akaniomba radhi kwa uzee, akamwita mjukuu aniletee chai. Nikainywa. Kisha nikazunguka sokoni nikiwatafuta waliokuwa kwenye benchi siku ile, na kila niliyemtaja alikuwa amehama au amekufa. Kwao ilikuwa asubuhi moja kati ya asubuhi nyingi; walikwenda kuswali, wakapata kinyozi mwingine, wakasahau. Aliyekaa nayo miaka kumi na minne ni yule mmoja ambaye hakuwa na kosa. Na kwa mingi ya miaka hiyo nilikuwa nikilala chumba cha pili, naye alikuwa akiniamsha kila asubuhi kwa jina langu, akiniuliza kama nimelala salama, nami nikimjibu kwamba nimelala salama.